Kijana anataka utumishi? Mpeni kwanza ufunguo wa stoo

Mlezi_Bagamoyo (mwanzisha uzi) · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wadau wa pwani, salaam.

Ukikaribia wakati wa kupeleka majina ya wanaotaka kusomea ukatekista, uinjilisti au utawa, kamati zetu nyingi hufanya jambo lile lile. Kijana anaambiwa akae kwanza atumike kwenye kazi ndogo ndogo. Anapewa fagio. Miezi sita ikipita anaandikiwa barua nzuri kwamba ni mnyenyekevu na mwaminifu. Ukiuliza nani alikagua alichofagia, watu wanatazamana.

Hoja yangu ni hii: kazi haimfunzi mtu uaminifu kwa sababu tu ni ya chini. Luka 16:10 tunaikariri sote, ile ya mwaminifu katika dogo, kisha tunaikata hapo hapo. Someni mstari wa 11 na wa 12. Bwana anashuka kwenye mali, halafu anashuka tena kwenye mali ya mtu mwingine. Kwa hiyo kazi ya matayarisho iwe ya kitu ambacho si cha kijana mwenyewe, tena iwe kazi ambayo kosa lake linaweza kufichika. Kosa likionekana papo hapo mbele za watu, hapo mnapima woga tu.

Naanza na stoo, maana ndiyo kila kanisa linayo. 1 Mambo ya Nyakati 9:28 inataja Walawi waliosimamia vyombo vya ibada, vikiingia kwa hesabu na kutoka kwa hesabu. Daftari la stoo linahitaji safu saba: tarehe, kitu, idadi iliyotoka, hali kilipotoka, aliyechukua, idadi iliyorudi, hali kiliporudi. Wengi wanaandika idadi na kuacha hali. Matokeo yake viti 50 vya plastiki vinatoka kwenda msibani, vinarudi 50, hesabu safi, lakini vinne vina ufa kwenye mguu wa nyuma na vimechomekwa katikati ya rundo. Anayekagua kwa kuhesabu migongo tu hatavikuta. Rundo lishushwe, kila kiti kigeuzwe miguu juu, kiminywe mguu mmoja mmoja. Kwa viti 50 ni kama dakika ishirini. Kijana anayeshusha rundo bila kuambiwa, na saa hiyo ni usiku na wenzake wameshaondoka, huyo mwandikieni barua.

Ombi moja: shuhuda za "Bwana alikonitoa" zina uzi wake. Hapa tuleteeni kazi yenyewe. Kosa linajificha wapi, na linakaguliwaje?

---

Sindano_ya_Sahare · Jumatatu, saa 2:47 usiku

Mkuu umeanza vizuri. Tuje kwenye nyavu, maana Petro na Andrea walikuwa wakitupa, lakini Yakobo na Yohana kwenye Mathayo 4:21 walikuwa chomboni na baba yao wakitengeneza. Wahubiri wengi hukimbilia "wavuvi wa watu" wakairuka hiyo kazi ya kutengeneza.

Wavu uliochanika kwenye mwamba hauzibwi tu kama nguo. Kwanza uoshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari, ukaushwe kivulini. Nailoni ikianikwa juani kila siku inalika polepole bila kuonekana, siku ya mzigo inakatika kama uzi wa buibui. Kisha unatandaza, unakata kingo za tundu. Ndiyo, unaongeza tundu kwanza. Unakata mpaka kila fundo la ukingoni libaki na miguu miwili (nyuzi zinazotoka kwenye fundo), isipokuwa mafundo mawili tu yenye miguu mitatu: moja la kuanzia juu na moja la kumalizia chini. Anayeogopa kukata atashonea juu ya nyuzi zilizokwisha kuchoka, na kiraka kitang'oka na ukingo wake.

Uzi wa kuzibia uwe unene ule ule wa wavu. Ukiwa mnene zaidi, kiraka kinakuwa kigumu, samaki anakihisi na jirani zake wanabeba mzigo wote. Ukubwa wa kila tundu dogo la wavu unapimwa kwa kijiti kilichochongwa, si kwa jicho. Na fundo lenyewe: uzi unapanda ndani ya kitanzi cha juu, unazunguka nyuma ya nyuzi zote mbili, unarudi chini yake wenyewe. Unalibana kwa kidole gumba na cha shahada *juu ya kitanzi*, ndipo unavuta. Ukiliachia likakaza chini ya kitanzi linaonekana fundo kamili kabisa, ila linateleza. Kwa macho huwezi kulitambua.

Kukagua: shika tundu kwa pembe zake zinazopingana, vuta kwa nguvu, geuza, vuta tena. Fundo la uongo litahama. Kiraka cha matundu mia moja kinataka kuvutwa matundu yote mia moja. Baharini kosa hilo halina jina la mtu. Tundu likipanuka, watasema ni pomboo.

---

Mwalimu_wa_Neno · Jumatatu, saa 3:15 usiku

Kaka wa Sahare, naomba nikuongezee kitu kwenye hilo la kutengeneza. Katika Kigiriki cha Mathayo 4:21 kitenzi ni *katartizo*. Nomino iliyotoka humo, *katartismos*, ndiyo Paulo anayoitumia Waefeso 4:12 anapozungumzia kuwakamilisha watakatifu kwa kazi ya huduma. Na Wagalatia 6:1, kumrejeza upya ndugu aliyeghafilika, ni kitenzi kile kile. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa nyaraka zile aliposikia "kuwakamilisha", sikio lake lilikuwa linalijua neno hilo hata kwenye nyavu.

Hilo la kukata kingo kabla ya kuziba nitalifikiria sana kwa upande wa Wagalatia 6. Tunapenda kushonea juu ya nyuzi zilizochoka.

---

BiMkubwa_Chumbageni · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Shikamooni wakubwa, na vijana marahaba.

Mnazungumza vizuri, ila kuna kitu mnakizunguka. Hayo "matayarisho" ndiyo mlango wa kupata mfanyakazi wa bure. Kijana anafagia, anafua, anachota maji, analinda viti usiku, mwaka unapita, na akiuliza nauli anaambiwa hana wito. Yeremia 22:13 ina ole kwa anayemtumikisha mwenzake bila ujira. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka ujira utolewe siku ile ile kabla jua halijachwa. Na Luka 10:7, mtenda kazi astahili ujira wake, ilisemwa kwa wanafunzi waliotumwa kuhubiri, siyo kwa vibarua wa shamba. Kwa hiyo hoja ya kwamba kazi ni ya Mungu haifuti malipo.

Na tukisoma Mwanzo 31:38-41 tutaona Yakobo anavyomhesabia Labani miaka 20: mimba za kondoo hazikuharibika, mnyama aliyeraruliwa alilipa yeye, mchana jua na usiku baridi, na bado ujira ukabadilishwa mara kumi. Uaminifu ulikuwa wa mtenda kazi, dhuluma ilikuwa ya mwajiri. Kamati zetu zinapenda kumwona Yakobo kwa kijana, hazijioni Labani kwenye kioo.

Andikeni karatasi moja kabla ya kuanza: kazi gani, siku ngapi kwa wiki, saa ngapi mpaka saa ngapi, posho kiasi gani na inatoka lini, nani anakagua, mwisho wake tarehe ngapi. Isainiwe pande mbili, nakala moja abaki nayo yeye. Tarehe ya mwisho isipoandikwa, haitafika kamwe.

---

Mlezi_Bagamoyo · Jumatatu, saa 3:52 usiku

Marahaba... samahani, shikamoo Bi Mkubwa 😂 Nimelipokea, tena la tarehe ya mwisho linauma. Naliweka kwenye mapendekezo.

---

Jaruba_la_Tatu · Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Niwapeleke kwenye majaruba ya chumvi, yale mabwawa ya kukaushia maji ya bahari, maana Bagamoyo na Tanga zote zinayo, na "ninyi ni chumvi ya dunia" inahubiriwa na watu wasiojua chumvi inavyoharibika.

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Yanaingizwa jaruba la kwanza, yanasogezwa la pili, la tatu, jua na upepo vikiyapunguza. Inabidi yabaki kama sehemu moja ya kumi ya yalivyoingia ndipo chumvi ya kula ianze kuganda. Kabla ya hapo inaganda jasi, ile nyeupe ya kukwaruza kama plasta, nayo iachwe nyuma kwenye majaruba ya mwanzo. Wenye hidromita ya Baumé, kipimo cha ukolezi wa maji, wanasoma hivi: maji ya bahari 3 hadi 3.5, chumvi inaanza kwenye 25 na nusu, na yakikaribia 29 au 30 maji yaliyobaki yatolewe. Hayo ndiyo maji machungu, yamejaa magnesi. Ukiyashika vidoleni yanateleza kama yana mafuta.

Sasa hapa ndipo uaminifu wa kibarua unapojulikana, tena si siku hiyo. Kuyatoa maji machungu ni kazi: ufungue mfereji, usubiri, uache chumvi ichuje kwenye rundo, halafu uisuuze kwa maji mengine ya chumvi yaliyokolea. Ukisuuza kwa maji ya mvua au ya bomba unaiyeyusha. Mvivu anaifunika tu. Chumvi itakuwa nyeupe, itapakiwa, itauzwa, itapokelewa kwa asante. Miezi miwili baadaye dukani gunia linatoa jasho chini, chumvi inashikana, na mlaji anaona uchungu nyuma ya ulimi. Magnesi inavuta unyevu hewani. Nani atarudi jarubani kumtafuta aliyeshika reki siku ile?

Kosa la pili ni kukwangua chini sana. Anayetaka magunia mengi anashusha reki mpaka kwenye udongo, chumvi inakuwa ya kijivu. Acha tabaka jembamba la chumvi chini, ndilo sakafu ya mavuno yajayo.

Kukagua ni rahisi. Chukua konzi, weka kwenye sahani kavu kivulini usiku mmoja. Asubuhi gusa sahani chini ya chumvi. Chumvi zote zinashika unyevu kidogo pwani yetu hii, lakini iliyojaa maji machungu itakuachia kidimbwi.

---

fundi_turubai · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Paulo, Matendo 18:3, alikaa kwa Akila na Prisila Korintho kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Watu wanaisoma kama maelezo ya pembeni. Hema ni kitu ambacho mshonaji halali ndani yake.

Mshono wa turubai ni wa kukunja mara mbili, ukingo mmoja ndani ya mwingine, kisha mistari miwili ya cherehani. Sindano namba 16 au 18 kulingana na unene. Stichi tatu kwa sentimita moja zinatosha. Fundi mchanga anadhani akizisogeza zaidi ndiyo imara. Hapana, sindano inatoboa turubai kama stempu, na siku ya upepo linachanika kwenye mstari wa mshono wenyewe. Mwanzo na mwisho urudi nyuma stichi tano au sita. Hapo ndipo panapofichika: mshono usiorudiwa nyuma hauonekani mpaka uzi uanze kujifungua, na unaanza kutokea pembeni, kwenye pete ya kamba, sehemu inayovutwa kuliko zote.

Ukaguzi: mwagia maji upande wa juu, lala chini yake uangalie. Nasema kweli, lala chini. Ukisimama pembeni huoni tone.

---

Kitani_Safi · Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Tumsifu Yesu Kristo. Naongea kwa upande wa sakristia (chumba cha vyombo vya ibada) za Kikatoliki, wenzetu wa madhehebu mengine mtanisamehe msamiati.

Vitambaa vya altare visichanganywe na nguo nyingine kabla ya suuzo la kwanza. Korporale (kitambaa cha altareni kinachowekwa chini ya kikombe na hostia) na purifikatori (cha kufutia kikombe) vinalowekwa kwanza kwenye maji safi matupu, bila sabuni, ili chembe za hostia na matone ya divai yaliyobaki yaachie. Maji hayo yanamwagwa ardhini mahali pasipokanyagwa, au kwenye sakrario, sinki maalumu linalomwaga ardhini, kama ipo. Hayaingii kwenye bomba la maji machafu. Baada ya hapo ndipo sabuni ya kawaida.

Korporale inakunjwa miraba tisa: theluthi kwa theluthi upande mmoja, kisha theluthi kwa theluthi upande mwingine, na kila mkunjo unaelekea ndani, ili chembe ibaki mle isidondoke. Purifikatori inakunjwa mara tatu kwa urefu, halafu nusu. Wanga unaruhusiwa kwenye korporale, itasimama vizuri. Purifikatori usiitie wanga wala dawa ya kulainisha nguo, maana kazi yake ni kunyonya. Ikishapakwa vitu hivyo inapendeza kabatini, lakini padri akifuta kikombe inasukuma tu unyevu huku na huku. Nta ya mshumaa: isubiri igande, ikwangue kwa mgongo wa kisu, kisha karatasi ya kunyonya juu na chini na pasi ya vuguvugu.

Kosa linalofichika ni lile suuzo la kwanza. Kitambaa kilichotupwa moja kwa moja kwenye beseni la sabuni kinatoka cheupe vile vile. Hakuna mkaguzi duniani atakayejua. Hapo kamati haina la kufanya.

---

Ustadh_Makorora · Jumanne, saa 9:30 alasiri

Assalaam alaykum, na jirani zetu hamjambo. Uzi ni wa kanisa lakini mada ni ya wote, nitachangia kidogo kwa adabu.

Kwenye hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) alisema hakuna nabii aliyetumwa asiyechunga kondoo, na yeye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa malipo ya qirati, vipande vidogo vya fedha. Kwa hiyo Bi Mkubwa, malipo yalikuwepo 😊 Katika Suratul Qasas aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan anamwambia babaye amwajiri Musa kwa sababu mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye mwaminifu. Zingatieni sifa ni mbili. Kumweka mwaminifu asiyeweza kazi nako ni kuharibu mali ya watu. Nabii Daudi katika Surat Sabaa anaamrishwa atengeneze deraya, vazi la vita la pete za chuma, na apime sawasawa katika kuziunga pete zake. Ufalme na Zaburi havikumwondolea kupima pete.

Kazi ninayoipendekeza ni mizani na kipimo cha sokoni, maana Al-Mutaffifin inaanza na ole wa wapunjao. Nenda soko lolote la Ngamiani hapa Tanga uangalie kisado, lile kopo la kupimia. Kitazame kitako. Kimegongwa kikaingia ndani? Kila kikijaa, mnunuzi anakosa konzi moja. Kwa macho ya mbele ya meza kimejaa mpaka kileleni. Kingine kinagongwa mbavuni. Mizani ya kuning'iniza nayo inalegea spring, sindano haianzii sifuri, au sahani imebandikwa kitu chini. Kuikagua hakuhitaji ofisi: lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ipime tupu, ijaze maji, ipime tena. Tofauti iwe kilo moja na nusu. Na kisado kijaze maji kwa chupa hiyo hiyo, uhesabu, kisha ulinganishe na cha jirani.

Mpeni kijana meza ya kuuza mchele wa msikiti au wa kanisa kwa wiki nne, bila kumwambia mtapima. Kisha nunueni kwake kwa mkono wa mtoto. Watoto ndio wanaopunjwa.

---

Jaruba_la_Tatu · Jumanne, saa 9:44 alasiri

Ustadh hilo la mkono wa mtoto 🔥

---

Sufuria_Kubwa · Jumanne, saa 1:15 usiku

Hamjataja jiko na ndilo Matendo 6 inakoanzia. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa kwenye huduma ya kila siku, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema waliojaa Roho. Kwa ajili ya meza! Stefano alitoka hapo, na Filipo.

Pilau ya watu 80: mchele kilo 10, nyama kilo 7, vitunguu kilo 2, mafuta lita moja na nusu, maji lita 15 hadi 18. Mchele mpya unataka maji machache kuliko wa mwaka jana, kwa hiyo anza na 15. Wali ukikaa vuguvugu sufuriani, umefunikwa, kuanzia asubuhi mpaka alasiri, kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, zinaamka, zinatoa sumu, na kupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Ndiyo ile "chakula cha mkutano kimewachafua watu matumbo", kisha analaumiwa jirani mwenye kijicho. Pika karibu na saa ya kula, au uutandaze kwenye sinia pana upoe haraka.

Kosa la siri jikoni ni kisahani kinachofichwa nyuma ya mlango. Vipande vya nyama vihesabiwe vibichi, viandikwe, na mgawaji aanze kupakua kutoka mstari wa mwisho walikokaa wazee na watoto. Mwenye kupakua ale wa mwisho kabisa. Akikuta ukoko, ameukuta.

---

Kijana_Msata_Rd · Jumanne, saa 1:50 usiku

Shikamooni. Naomba kuuliza kwa heshima. Mbona Gehazi alimhudumia Elisha na bado alimkimbilia Naamani akachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili? 2 Wafalme 5. Na Yuda ndiye aliyeshika mfuko. Je, si ushahidi kwamba kazi ndogo haimwandai mtu?

---

Mwalimu_wa_Neno · Jumanne, saa 2:20 usiku

Marahaba kijana, swali zuri kuliko majibu mengi humu.

Mlinganishe Gehazi na Elisha mwenyewe. Elisha alipoitwa (1 Wafalme 19) alikuwa akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe, yeye akiwa na ya kumi na mbili. Ng'ombe 24: hiyo si nyumba ya maskini. Alichinja jozi yake, akaipika kwa miti ya jembe, akawapa watu wakala, akamfuata Eliya kumhudumia. Hata alipokuwa nabii, 2 Wafalme 3:11, anatambulishwa kama yule aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Gehazi naye alitumwa huku na huku, na fimbo ya bwana wake akapewa aitangulize. Kazi zilifanana. Basi kazi haikumtengeneza yeyote kati yao, ilichokifanya ni kudhihirisha. Elisha alimwuliza Gehazi swali moja tu aliporudi: umetoka wapi? Hilo ndilo swali la makabidhiano, na hapo alidanganya. Yuda vivyo hivyo, Yohana 12:6 inasema alikuwa akichukua vilivyotiwa mfukoni.

Kwa hiyo mlezi asitarajie fagio limfanye kijana kuwa mtakatifu. Atarajie kumjua mapema, kabla hajakabidhiwa watu.

---

Mzee_wa_Kaole · Jumanne, saa 2:58 usiku

Wenyeji wa Bagamoyo mnao mfano mlangoni mwenu na hamuutaji. Mmisionari David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Waliokuwa naye walikuwa wapagazi na watumishi, Chuma na Susi mbele. Wangeweza kumzika pale na kurudi pwani kudai mishahara. Moyo wakauzika, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa magome na turubai wakauleta pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, ukalazwa usiku mmoja kwenye misheni ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu, ile iliyoanzishwa 1868.

Ninachotaka mkitazame ni daftari. Kabla ya kuondoka walifungua masanduku mbele ya wenzao wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kilichomo. Ndipo wakafunga wakabeba. Wapagazi! Tazameni na Ezra 8: fedha na dhahabu zilipimwa mikononi mwa makuhani kabla ya safari, zikapimwa tena Yerusalemu, uzani wote ukaandikwa.

Fundi wa turubai na mtu wa chumvi, kazi zenu zote mbili zilikuwemo safarini humo.

---

Mhesabu_Sadaka · Jumatano, saa 3:10 asubuhi

Kwa kuwa Mzee kafika kwenye makabidhiano, niweke la sadaka kwa kifupi. Wahesabuji wasipungue watatu, wasiwe mke na mume wala ndugu. Kapu likifunguliwa halihami meza. Noti zipangwe kwa thamani, 10,000 mpaka 1,000, sura upande mmoja, sarafu zihesabiwe kwa mafungu ya kumi. Kila mmoja ahesabu na kuandika jumla yake kwenye karatasi yake *kabla ya kuitamka*. Anayesubiri mwenzake ataje kwanza hakuhesabu. Zikitofautiana, rudieni wote. Fomu isainiwe kwa wino kabla mfuko haujatoka chumbani, na karatasi ya benki iambatanishwe wiki hiyo hiyo. 2 Wakorintho 8:20-21 inaonyesha Paulo alijihadhari na lawama mbele za watu pia, wala hakusema Mungu anajua moyo wangu.

Kijana wa matayarisho asianzie hapa. Hapa aje mwishoni, tena kama wa tatu.

---

BiMkubwa_Chumbageni · Jumatano, saa 4:02 asubuhi

Na mkianza kumkagua mkagueni na mlezi. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, walezi nao wanakuja leo wanaondoka leo na daftari kwapani.

---

Mlezi_Bagamoyo · Jumatano, saa 2:30 usiku

Hilo nalo limeingia, Bi Mkubwa. Daftari litakaa kanisani, nakala ya ukurasa wa mwezi inabandikwa ubaoni.

Tulivyopanga mpaka sasa: miezi mitatu stoo, karatasi ya makubaliano na posho yake vimeandikwa na tarehe ya mwisho ipo. Kisha miezi mitatu sakristia chini ya dada wa vitambaa. Jaruba tumeliacha kwa sasa, mvua za masika zikianza hakuna mavuno. Meza ya mchele ya Ustadh itafuata, na watoto wa kununua tunao. Swali limebaki kwa kaka wa Sahare: kuna wavu wa kufundishia, au tununue kipande kipya tukichane?

---

Sindano_ya_Sahare · Jumatano, saa 2:41 usiku

Msichane kipya, tundu la mkasi halifundishi, kingo zake zote zinalingana. Lipo jarife, wavu wa matundu makubwa, la inchi 6 limeraruliwa na mwamba sehemu mbili, mwenyewe anataka lirudi baharini kabla ya bamvua (maji makubwa ya bahari) lijalo, na atalivuta tundu kwa tundu mbele ya kijana. Sindano na kijiti cha kupimia aje navyo. Uzi upo.